Jumapili Mto Ulipotakata

Baba yangu, Sangkhuma, alichukuliwa na mto Tuichang siku ya Ijumaa, mwezi wa kumi, wiki moja kabla ya kuanza kuvuna mpunga wa mlimani. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikwenda kuvua na rafiki yake Hranga, kama alivyofanya karibu kila Ijumaa tangu kabla sijazaliwa, na asubuhi ile alitoka nyumbani akilalamika kwamba Mama ametia chumvi nyingi kwenye mboga. Ndiyo maneno yake ya mwisho ndani ya nyumba yetu. Watu waliokuja kutupa pole walipenda kuuliza alisema nini mara ya mwisho, nasi hatukuwa na kitu kingine cha kuwaambia.

Kazi yake ilikuwa kutunza mabomba ya maji ya serikali. Chemchemi inayonywesha kijiji chetu cha Hmunzau iko juu msituni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na bomba linashuka kutoka huko likipita kwenye miamba na vichaka vya mianzi. Wengine waliopewa kazi ile kabla yake waliiona adhabu. Yeye aliiona kama zawadi. Alitoka alfajiri na spana yake kubwa ya kufungulia koki ikining'inia kwenye mkanda, iliyochongwa jina lake na asiyoiacha hata akienda kuvua, akarudi mchana na uyoga ndani ya kofia, au ua la msituni lenye mizizi yake ambalo Mama alilipanda kwenye kopo la maziwa. Ukitembea naye njiani alikuwa anasimama ghafla, anainua kidole, na wewe unasimama bila kujua kwa nini. Kumbe kasikia ndege. Angeweza kusimama hivyo mpaka miguu ife ganzi.

Na alikuwa mtu wa nyumbani. Jioni alitukusanya kusali, mimi na kaka yangu Mawia na Mama, akamwombea kila mmoja kwa jina, na kila shangazi, na kila mgonjwa wa kijiji, mpaka wali unapoa. Siku moja Mawia, akiwa na miaka kama kumi, alisema "Amina" katikati ya sala kwa sababu ya njaa. Baba akafumbua jicho moja, akasema, "Bado sijafika kwa bibi yako," akaendelea.

Alifua nguo pia. Mwanaume kwetu akifua nguo za mkewe bombani, watu hawamwachi hivi hivi. Wanaume waliokaa kibarazani wakitafuna tambuu walimngoja apite na beseni.

"Baba Mawia, leo umefua nguo ngapi?"

"Zangu na za mke wangu. Lete na zako, nazisikia harufu mpaka hapa."

"Umekaliwa, bwana wewe. Umekaliwa kabisa."

"Nimekaliwa, ndiyo. Na aliyenikalia anapika vizuri. Wako je?"

Kicheko kilitufikia mpaka jikoni, na Mama alikuwa anajifanya hasikii.

Kuna jambo moja hakuwa na mzaha nalo, nalo ni Jumapili. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, na kabla ya hapo alikuwa mpiga ngoma wa kwaya. Siku ya Bwana hakushika panga, hakugusa kimia chake cha kuvulia, wala hakukanyaga maji ya mto. Mwaka mmoja bomba lilipasuka Jumapili asubuhi, kijiji kizima kikakosa maji, na watu wakaja mlangoni kwetu na ndoo zao. Akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kesho saa kumi alfajiri nitakuwa huko." Wengine walimnunia wiki nzima. Lakini saa kumi alfajiri ya Jumatatu alikuwa huko, na jua lilipochomoza maji yalikuwa yanatoka.

Sasa nirudi kwenye ile Ijumaa.

Mzee Hranga ndiye aliyeona, na alituhadithia mara moja tu. Walikuwa kwenye kina kinachofuata baada ya miamba miwili, mahali walipopazoea kama sebule zao. Kimia cha Baba kilikwama kwenye jiwe. Akavua shati, akalikunja, akaliweka kavu, akaingia maji ya kiuno kukinasua. Kwetu hakukuwa na mvua, jua lilikuwa kali, lakini huko juu milimani ilikuwa imenyesha tangu usiku. Hranga alisikia mngurumo kama wa lori. Akainuka, akapiga kelele. Baba akageuka, akatazama juu mtoni, akaanza kutoka, na maji yakaja ya rangi ya udongo, yamebeba magogo. "Alinitazama," alisema Mzee Hranga. "Hakuita. Alikuwa kama mtu anayefikiri." Baada ya hapo hakumwona tena. Alikimbia ukingoni mpaka miguu ikatoka damu, halafu akapanda mlima kuja kijijini, na ule mlima kijana mwenye nguvu anaupanda kwa saa moja na nusu. Yeye ana miaka sitini na minne.

Kipaza sauti cha kijiji kilitangaza kabla jua halijazama. Kwetu mtu akipotelea mtoni hakuna anayekwenda shamba. Chama cha Vijana, ambacho kina wazee wengi kuliko vijana, kilipanga watu kwa zamu, na Jumamosi alfajiri wanaume zaidi ya mia moja walishuka mtoni na kamba na kulabu na mianzi ya kuundia vyelezo. Wanawake tulifuata na masufuria. Tulipika wali na maharage juu ya mawe, tukachemsha chai, tukawatazama wakizama na kuibuka. Mto ulikuwa bado umejaa, mchafu kama maji ya kuoshea miguu. Mzamiaji akizama, hata mkono wake mwenyewe hauoni. Kaka yangu Mawia alizama kuliko wote, mpaka midomo ikawa ya buluu na mwenyekiti wa chama, Kaka Liana, akaamuru afungwe blanketi na akalishwe kwa nguvu.

Jioni ile nyumba yetu ilijaa watu wa matanga. Waliketi sakafuni, wakaimba polepole na ngoma, kama inavyofanywa. Kabla hawajamaliza, mchungaji na Kaka Liana walimwita Mama jikoni. Nilikuwa nakuna masizi kwenye birika, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mama Mawia," alisema mchungaji, "kesho ni Jumapili. Wazee tumekaa. Tumeona kwamba vijana wanaweza kushuka mtoni baada ya ibada ya asubuhi. Mungu hawezi kukasirika kwa jambo kama hili."

"Maji yanapungua," Kaka Liana aliongeza. "Kesho yatakuwa yametakata. Tumebakiza sehemu ya chini ya miamba, na ndipo ninapohisi yupo."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Miaka thelathini na mmoja nimeishi naye," alisema. "Sijaona akigusa mto ule Jumapili. Watoto wa watu walikosa maji ya kunywa na hakwenda. Leo niwatume watu wavunje Jumapili kwa ajili yake yeye?"

"Si kuvunja, Mama."

"Mchungaji, ninyi mna elimu, mimi sina. Lakini yeye namjua. Mngojeni Jumatatu."

Nikaweka birika chini. "Mama, Baba yuko kwenye maji."

"Najua alipo, Dari."

"Ana baridi." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafundisha watoto wa chekechea, na nilisema kama mmoja wao.

Mchungaji alimtazama Mawia aliyekuwa amesimama mlangoni, akingoja mwanaume wa nyumba aseme neno. Mawia aliangalia vidole vyake vilivyochanika. "Mama amesema," akasema. Likawa hilo.

Jumapili ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nasema bila kutia chumvi. Hakukuwa na wingu wala ukungu bondeni. Kanisa letu liko juu mgongoni mwa kijiji, na kutoka uani kwake mto unaonekana chini kabisa, mwembamba kama uzi. Ijumaa na Jumamosi ule uzi ulikuwa wa kahawia. Jumapili ulikuwa wa kijani. Nilisimama pale baada ya ibada, watu wakinishika mkono na kunipa pole, nami natazama chini nyuma ya mabega yao.

Mchana, wakati watu wako kwenye ibada ya pili, niliteremka peke yangu. Nilipofika kwenye ile miamba miwili nikamkuta Mzee Hranga ameketi juu ya jiwe, amevaa nguo za kanisani na viatu amevishika mkononi.

"Umekuja," alisema, kama aliyekuwa ananingoja.

"Umekosa ibada, Mzee Hranga."

"Nimeikosa. Baba yako angenisema mwezi mzima."

Tuliketi. Maji yalikuwa yametulia na kutakata, mawe ya chini yanaonekana moja moja, na samaki wadogo wamesimama kwenye kivuli. Mzee Hranga alinyoosha kidole kwenye kina cha chini ya miamba. "Leo ningeona hata sarafu mle," alisema. Kisha akafunika uso kwa viganja. "Kifua changu hakina pumzi ya kuzama, mwanangu. Nimejaribu asubuhi. Nimejaribu mara mbili."

Ndipo nikaona kwamba suruali yake ilikuwa imelowa.

Nami nikaingia. Sijui kuogelea, kwetu wasichana hatufundishwi. Niliingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, nikiinama kutazama chini, na maji yale yalikuwa baridi sana. Mzee Hranga aliniita kwa sauti ya kawaida tu, bila ukali. "Dari. Toka, mama. Nyumba yenu haiwezi kubeba wawili." Nikatoka. Tulirudi kijijini kwa njia mbili tofauti, na sikumwambia mtu.

Jumatatu walizama tangu alfajiri. Maji yalikuwa bado mazuri, lakini mchana wingu lilikuwa limeshakaa juu ya milima ya kaskazini. Walipekua kile kina cha chini ya miamba, wakapata kimia cha Baba kimejizungusha kwenye gogo, mafundo aliyoyafunga kwa mkono wake yote mazima. Yeye hakuwepo. Kaka Liana alisema kimia kilikuwa kimevutika upande mmoja, kama kilichokuwa kimeshika kitu kizito mpaka karibuni. Labda alikuwa amenasa pale na ameondoka usiku wa jana tu. Labda. Alisema halafu akajuta, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama karibu.

Usiku wa Jumatatu mvua ilinyesha kama iliyofunguliwa mlango. Jumanne Tuichang ulikuwa unabeba miti mizima. Wanaume waliendelea kutafuta ukingoni, wakishuka chini zaidi kila siku, vijiji vya chini navyo vikatoa watu wao, mpaka Jumamosi. Mpunga ulikuwa umeiva mashambani na panya wameshaanza kuula. Jioni ile Mama alisimama mbele ya watu wa matanga, mwanamke asiyezoea kusimama mbele ya watu, akasema, "Mmefanya yote. Nawashukuru. Nendeni mkavune." Baadhi ya wanaume walilia. Mmoja alisema, "Baba Mawia asingeacha kumtafuta mtu wangu," na Mama akamjibu, "Asingeacha. Lakini mimi nawaomba."

Kuanzia hapo mimi na Mama hatukuzungumza. Hatukugombana. Nilimletea chai, nikamsaidia kulisha nguruwe, nikasema ndiyo na hapana. Lakini kila nikimtazama niliona ule uzi wa kijani bondeni. Nilijiambia, alichagua siku badala ya mume wake. Nilijiambia mambo mabaya zaidi ya hayo. Jioni alisali yeye badala ya Baba, kwa maneno machache, na nilipofumba macho sikuwa nasali, nilikuwa nahesabu saa ngapi Jumapili ile zilikuwa na mwanga.

Siku ya kumi na nane simu ya Mawia ililia. Mtu alizungumza lugha yetu kwa shida, ni Mmara, kabila jingine lenye lugha yake, wa kitongoji kimoja mbali sana kusini, karibu na pale Tuichang unapoingia kwenye mto mkubwa. Alisema wamemkuta mtu mchangani. Alisema ana mkanda, na kwenye mkanda kuna spana. Mawia aliuliza spana ina alama gani. Yule mtu akasoma herufi moja moja. Mawia akaketi chini palepale alipokuwa amesimama.

Tulikodi gari, tukasafiri siku mbili, Mama, Mawia, Mzee Hranga na mimi. Mama alikuwa amebeba suti ya Baba ya kanisani, na tai, na viatu alivyovipaka rangi mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwili uliokaa majini siku zote zile hauvalishwi suti. Tulipofika, mzee wa kitongoji kile, aliyejitambulisha kwa jina la Beihu, alitoka kutupokea bila viatu, ameinamisha kichwa.

"Tusameheni," alisema. "Hatukuweza kungoja. Alikuwa amekaa sana majini. Tumemzika siku ileile."

Kaburi lilikuwa juu ya mtelemko, udongo bado mbichi, lina msalaba wa mianzi uliofungwa kwa ukambaa. Walikuwa wameimba, Beihu alisema, kwa lugha yao. Walimfunga kwa shuka ya mke wa Beihu, ile nzuri ya arusi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa kubwa ya kutosha. Mke huyo alisimama nyuma ya mumewe akiangalia chini, mwanamke mfupi, kama aliyefanya kosa.

Mawia alitaka tumchukue Baba nyumbani. Kwetu mtu haachwi kaburini ugenini kama kuna watu wa kumbeba, na Baba alikuwa ameshasema kwamba atalala pembeni ya mtoto wake wa kwanza, aliyekufa akiwa na miezi mitano. Mama aliusikiliza mjadala wote. Kisha akamwendea yule mwanamke, akavua shuka yake mwenyewe mpya aliyokuwa amejifunga kwa ajili ya safari, akaizungusha kiunoni mwa mwenzake, akaifunga vizuri kama anavyofungwa mtoto. "Mwacheni," alituambia. "Watu hawa wameshamlaza. Tusimwamshe."

Wanaume walikwenda kunywa chai kwa Beihu. Mama alibaki kaburini na ile suti mapajani, na mimi nilibaki kwa sababu niliogopa kumwacha. Tulikaa muda mrefu. Kuku wa watu walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu.

"Dari," alisema bila kunitazama. "Ile Jumapili. Maji yalikuwaje?"

Niliwaza kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, kwamba yalikuwa bado machafu, kwamba hakuna ambacho kingeonekana. Siku zile zote za kumkasirikia, na sasa nilikuwa tayari kusema chochote ili asiumie. Lakini haikutoka.

"Yalikuwa yanaonyesha mpaka chini, Mama."

Alitikisa kichwa kukubali. "Niliyaona," alisema. "Nilikuwa nimekaa dirishani kanisani. Niliyaona tangu wimbo wa kwanza. Nikasema, nikiinuka sasa nikamwambia mchungaji, watu watashuka mara moja. Nikasema, niinuke. Ukaja wimbo wa pili. Nikasema, akitoka mle majini atajua kwamba nimewatoa watu kanisani kwa ajili yake, na atanuna kama siku ile ya bomba." Alicheka kidogo, sauti mbaya. "Nilikuwa nafikiri atatoka. Unaelewa? Nilikuwa bado naogopa atanuna."

Nikamfukuza kuku aliyekuwa amepanda kaburini.

"Kila siku nasema ningeinuka," alisema Mama. "Kila siku sijainuka."

Nilimkumbatia. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu, na suti ya Baba ilikuwa katikati yetu, ina harufu ya dawa ya nondo. Tulilia hapo mpaka Mawia akaja, naye akaketi upande wa pili, na baadaye Mzee Hranga akasimama mbali kidogo akiwa ameshika kofia yake, hataki kutukaribia wala kuondoka.

Kabla hatujaondoka Mama alitaka kusali. Alimwombea Beihu kwa jina, na mkewe, ambaye ilibidi kwanza aulizwe jina lake, na watoto wao wanne, na kila mtu wa Chama cha Vijana aliyezama, mmoja mmoja, wale aliowakumbuka. Ilichukua muda. Dereva alizima injini. Alipomfikia Baba, alitaja jina lake, Sangkhuma, akanyamaza, na tulingoja aendelee, lakini hakuweza, basi Mawia akasema amina.

Tulirudi nyumbani na suti. Imetundikwa kwenye msumari chumbani kwa Mama, na hakuna anayemwambia aitoe.